Msimamo wa ligi ukutani haujaifanya kazi kuwa gemu

Ile televisheni ya mapokezi ofisini kwetu, ambayo miaka yote kazi yake ilikuwa kuonyesha taarifa ya habari bila sauti na mechi mojamoja bosi akisafiri, tangu mwezi uliopita inaonyesha majina yetu. Jina, kapicha kadogo, idadi ya taski ulizofunga wiki hii, pointi, na pembeni beji. Kuna beji ya moto kwa aliyefunga taski siku tano mfululizo, kuna ya roketi, kuna na ya kobe ambayo watu wa rasilimali watu wanasema ni utani tu. Ijumaa saa 10 jioni msimamo unafungwa, wa kwanza anapata vocha ya chakula cha mchana, wa mwisho anapata kuangaliwa na ofisi nzima akienda kuchukua chai. Wadau tumegawanyika fasta. Wapo wanaosema ndo dunia ya sasa, vijana wamekulia kwenye gemu, wape gemu uone watakavyochapa kazi. Wapo wengine, hasa kina mzee wa uhasibu, wanaosema ofisi imegeuzwa banda la PlayStation na mteja akiingia atajua tunachezea hela zake. Mi nimezisikiliza pande zote na naona zimekosea sehemu moja, ileile, kwa sababu zote zinaamini pale ukutani kuna gemu.

Hamna gemu pale, kuna ubao wa matokeo. Kazi ikienda kukopa kwenye gemu inarudi na ubao wa pointi, afu vile vitu vinavyomfanya mtu akeshe na gemu bila kulipwa hata mia inaviacha hukohuko. Na hobi nayo ikienda kukopa kazini inarudi na tageti na dedilaini, inaacha vile vitu vichache ambavyo kazi inavifanya vizuri. Kila upande umeuziwa makapi na kila upande unajisifu umepiga bei nzuri. Wakati huohuo ujuzi wenyewe, ule wa kupanga watu, hela na muda mpaka kitu kikatokea, unavuka mpaka huo kila wikiendi kwenye magrupu ya WhatsApp ya bonanza na jogging, ila kwa sababu hauna cheti hakuna anayeuita usimamizi wa mradi.

Tuanze na historia kidogo maana kuna watu wanaongea kama vile gemu zimeingia maofisini juzi. Scrum, ule mtindo wa kugawa mradi kwenye vipande vifupi vya wiki mbili tatu ambao leo kila kampuni ya programu Dar na Nairobi inadai inaufuata, jina lake limetoka kwenye raga, ule msongamano wa wachezaji wanaosukumana vichwa chini kugombea mpira. Mwaka 1986 Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika kwenye jarida la Harvard Business Review kuhusu kampuni kama Honda na Canon zilivyokuwa zinatengeneza bidhaa mpya, wakasema mtindo wa kupokezana kijiti kama mbio za rilei umepitwa, timu inatakiwa isogee yote kwa pamoja huku ikipasiana mpira, na kwenye kichwa cha makala ile neno gemu limo. Mwaka 1995 Ken Schwaber na Jeff Sutherland wakaiwasilisha Scrum rasmi kama njia ya kutengeneza programu. Mwaka 2002 James Grenning akaleta makadirio kwa karata, ambayo watu wanayaita poka. Na Slack, apu ya kuchatia kazini ambayo wengi wetu tunaifungua kabla hata hatujanawa uso, ilizaliwa ndani ya kampuni ya gemu kabisa. Stewart Butterfield na wenzake walikuwa wanajenga gemu ya mtandaoni inaitwa Glitch, ikafunguliwa 2011, ikafungwa mwishoni mwa 2012 kwa kukosa wachezaji wa kutosha, wakabaki na kile chombo cha kuchatia walichokuwa wamejitengenezea wenyewe ili kazi iende. Desemba 2020 kampuni ya programu ya Salesforce wakatangaza kukinunua kwa dola bilioni 27 na ushee. Na huyu jamaa alishawahi kuifanya hiyo tena, Flickr, ule mtandao wa kuweka picha, nayo ilitokana na gemu yake nyingine iliyokwama. Kuna watu gemu zikiwafia mkononi ndo wanatajirika.

Kwa hiyo undugu upo na ni wa zamani, na nataka tukae kidogo kwenye ile poka ya makadirio kwa sababu ndo mfano mzuri kuliko yote wa gemu iliyoingia kazini kwa sababu ya maana. Kila mtu kwenye timu anakuwa na karata zenye namba, 1, 2, 3, 5, 8, 13 na kuendelea. Taski inasomwa, tuseme kuunganisha malipo ya simu kwenye mfumo wa mteja, kila mmoja anachagua karata kimyakimya anailaza kifudifudi, afu wote mnafunua kwa pamoja. Anayejua maofisi yetu anaona hapohapo kwa nini hii ni dawa. Bila karata bosi anafungua kinywa kwanza, anasema "hii si siku mbili tu?", na kijana aliyeajiriwa juzi ambaye ndo ataifanya hiyo kazi, na ambaye anajua ule mfumo wa malipo ukikataa unakataa wiki nzima, anajibu "ndiyo bosi, mbili". Huwezi kumpinga mkubwa mbele za watu, tumelelewa hivyo. Karata ikilala kifudifudi umri na cheo vinalala nayo, mkifunua bosi ana 2 na kijana ana 13 hakuna aliyempinga mtu, ni karata ndo zimepingana, na sasa inabidi muulizane kwa nini. Hapa gemu imesuluhisha tatizo ambalo semina elekezi kumi zisingeligusa. Na angalia, hakuna mshindi hapo wala beji.

Sasa zile namba zilipoanza kujumlishwa ndo mambo yakaharibika. Pointi ilikuwa kipimo cha kukadiria ugumu ndani ya timu moja, meneja akaona namba akafurahi, akaanza kulinganisha timu na timu, mtu na mtu. Ron Jeffries, mmoja wa wale 17 waliosaini kule Utah mwaka 2001 ile ilani ya Agile, yaani ya kutengeneza programu kwa hatua fupifupi, aliwahi kuandika kwamba huenda yeye ndo aliyevumbua hizi pointi, na kama ni yeye basi anajuta. Wachumi wanayo kanuni inayobeba jina la Charles Goodhart wa Uingereza, ya tangu 1975, ambayo kwa lugha ya mtaani ni kwamba kipimo ukikigeuza tageti kinaacha kupima. Kwetu imechukua wiki moja. Kabla ya ile televisheni, "tuma invoisi kwa mteja" ilikuwa taski moja. Sa hizi ni nne: andaa invoisi, hakiki invoisi, tuma invoisi, thibitisha invoisi imefika. Dada mmoja wa kitengo cha mifumo ambaye kila mtu akikwama anamkimbilia, na kazi yake anayoijua ni kufukua yale matatizo yanayochukua siku nne bila kuonekana, yuko nafasi ya 11. Anayeongoza ni jamaa anayebadilisha neno la siri la watu waliolisahau. Simlaumu, ni taski halali na anazifunga vizuri tu, ila kama huo ndo msimamo wa ligi basi tunampa ubingwa anayeongoza kwa kurusha mipira ya pembeni.

Turudi kwenye swali, gemu ni nini hasa. Mwanafalsafa Bernard Suits alishalijibu miaka ya 70, kwamba kucheza gemu ni kujitakia kwa hiari vikwazo ambavyo si vya lazima. Neno la kushika hapo ni hiari. Nenda baraza lolote la Zanzibar jioni uangalie bao. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi, anaziingiza mojamoja kwenye hatua ya kwanza inayoitwa namua mpaka ziishe ndo mchezo unaingia hatua ya pili, mtaji. Ukitaka kuzisogeza tu kete hizo zote kwenda upande mmoja ungetumia sekunde tano, lakini wazee wanakubali kusumbuliwa na kanuni zote zile za mashimo maalumu, nyumba, kichwa, kimbi, kwa sababu usumbufu wenyewe ndo walioufuata. Na kanuni hazibadiliki katikati. Hakuna anayekuja raundi ya saba kusema kuanzia leo nyumba inaanza na kete nne kwa sababu makao makuu wamebana bajeti. Na kufungwa kunaishia palepale, hata ukipigwa mkononi, yaani umeshindwa kabla kete zako za mkononi hazijaisha, ambayo ni fedheha ya kutosha, utataniwa mpaka isha lakini kesho unakaa tena kwenye baraza lilelile na hakuna aliyekupunguzia mshahara. Hiari, kanuni zilizotulia, na kufungwa kusikoumiza nje ya mchezo. Ukitoa hivyo vitatu ukabakiza pointi, umebaki na mtihani.

Wanaoitetea ile skrini wanayo hoja nzuri na nisiipite haraka. Wanasema kazi nyingi za ofisini zina ubaya mmoja, huoni mwisho wake. Fundi seremala jioni anaona kiti, sisi jioni tunaona barua pepe 40 ambazo hazijasomwa. Gemu inakuonyesha papo hapo umefanya nini na umebakiza nini, na hiyo ni njaa ya kweli ya binadamu, haina utoto wowote. Wanaongeza kwamba gemu zenyewe zinafundisha. Tobi Lütke, bosi wa kampuni ya maduka ya mtandaoni ya Shopify, anawaruhusu wafanyakazi wake kuipelekea kampuni bili ya Factorio, ile gemu ya Wacheki ya kujenga kiwanda ambapo mkanda mmoja ukijaa kila kitu nyuma yake kinasimama, na kwa kweli ukicheza ile kwa saa kumi utaelewa msongamano wa kazi kuliko aliyekaa kwenye kozi siku tatu. Nakubali yote. Na ushahidi wa kwamba gemu kazini inaweza kumpandisha mtu moyo nao upo: watafiti wawili wa Wharton, chuo cha biashara cha Marekani, Ethan Mollick na Nancy Rothbard, waliweka gemu yenye sura ya mpira wa kikapu kwa watu wa mauzo wa kampuni moja, na waliokuwa wameikubali ile gemu walijisikia vizuri zaidi kazini. Lakini utafiti huohuo una nusu ya pili ambayo wauzaji wa mifumo hawaiweki kwenye slaidi, kwamba kwa wale ambao hawakuikubali moyo ulishuka. Kwa hiyo gemu ileile, jengo lilelile, iliwapandisha hawa na kuwashusha wale, na kilichowatenganisha ni kama mtu moyoni aliridhia au alisukumwa.

Ndo maana ile hoja ya "mbona kampuni kubwa wanafanya" hainitishi. Mwaka 2011 gazeti la Los Angeles Times liliripoti kwamba wafanyakazi wa kufulia kwenye hoteli za Disneyland kule Anaheim waliwekewa skrini kubwa zinazoonyesha majina yao na mwendo wao wa kazi kwa rangi, kijani upo vizuri, nyekundu umebaki nyuma, na wenyewe wakaibatiza mjeledi wa kielektroniki. Mwaka 2019 Washington Post wakaandika kuhusu gemu za kwenye maghala ya Amazon, mtu anachomoa bidhaa rafuni huku pembeni kuna skrini, kagari kake kanasonga kadiri anavyochomoa, na ilielezwa kushiriki ni hiari. Sawa, lakini ule mwendo unaopimwa uko palepale ucheze usicheze, kwa hiyo hiari yenyewe ni ya kuchagua kama unataka mchoro wa gari juu yake. Na hatuhitaji kwenda Marekani. Panda gari ya apu Dar au Nairobi muulize dereva habari za bonasi ya safari. Bado safari tatu upate kiasi fulani, na muda unaisha saa sita usiku, na saa nne na nusu mtu ana usingizi na bado anazunguka Sinza kutafuta abiria wa tatu. Ukimwambia anacheza gemu anaweza kukushusha. Ana kodi ya gari ya kulipa kwa mwenye gari, na ile namba ya safari anapangiwa na mtu asiyemjua, wiki ijayo itakuwa nyingine.

Sasa upande wa mzee wa uhasibu. Hoja yake ni kwamba gemu na hobi ni mambo ya nyumbani, yaachwe getini, kazi ni kazi. Hii ndo hoja dhaifu kuliko zote kwenye mjadala huu, na inaniuma kwa sababu mzee mwenyewe ni mtunza hazina wa timu ya maveterani mtaani kwao na anaifanya kazi hiyo kwa umahiri ambao ofisini hatujawahi kumwona nao. Chukua bonanza moja la Jumapili. Timu nne, uwanja wa shule ambao lazima umwone mwalimu mkuu mapema, refa, jezi ambazo fundi anataka nusu ya hela kwanza, maji, dawa ya kuchua, spika, supu. Bajeti yote ni michango ya watu ambao hawana mkataba na wewe na hauwezi kumfukuza hata mmoja. Chombo cha kufuatilia ni ile listi ya WhatsApp ambayo kila Mtanzania anaijua: namba, jina, kiasi, na alama ya tiki ya kijani kwa aliyelipa. Mtu anaikopi, anaongeza jina lake chini, anaibandika upya. Saa mbili usiku watu wawili wanaikopi kwa wakati mmoja, wote wanabandika, na wa pili anamfuta wa kwanza bila kujua, ndo unasikia "jamani mbona mi sipo wakati nimetuma?" na mtunza hazina anarudi nyuma ujumbe kwa ujumbe kutafuta listi ilivunjika wapi. Wanaotengeneza programu wanalo jina la tatizo hili na wamelijengea vyombo vya gharama, mzee analimaliza kwa kanuni moja tu: kuanzia sasa listi anaibandika yeye peke yake, wewe tuma muamala na unyamaze. Kuna dedilaini, kuna njia ambayo kitu kimoja kikichelewa vyote vinachelewa (hela ya jezi isipofika kwa fundi kufikia Jumatano hamna jezi Jumapili), kuna wadau wakorofi, na kuna mteja mmoja mgumu ambaye ni mvua. Mtu anayeyaweza haya ukamwambia aache huo ujuzi getini akija kazini, umejitia umaskini mwenyewe.

Ila hapohapo niwashike mkono na wale wa upande wa pili wanaoruka haraka kusema basi mchezaji mzuri atakuwa meneja mzuri. Mwaka 2006 jarida la Wired lilitoa makala ya John Seely Brown na Douglas Thomas kwamba aliyeongoza kundi kwenye gemu ya mtandaoni ya World of Warcraft amejifunza uongozi wa kweli, na tangu hapo mawazo hayo yamekuwa yakizunguka mpaka yamefika kwenye CV za vijana wetu, "mwenyekiti wa ligi ya FPL, washiriki 38" (FPL ni ile gemu ya mtandaoni ya kujiundia timu ya wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza). Mi nimewahi kumaliza wa pili kwenye ligi ya FPL ya ofisi, na robo hiyohiyo ya mwaka mradi wangu wa wiki sita uliisha wiki ya kumi. Ujuzi hauhami wenyewe kama simu inavyohama mnara. Unahama pale mtu anapokaa na kujiuliza kule kilifanya kazi nini, na huku nini ni tofauti.

Na tukijiuliza hivyo kuhusu FPL tunakuta kitu ambacho ningependa kila meneja akikope leo kabla hajanunua mfumo wowote wa beji. Una paundi milioni 100 za kununulia wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka timu moja. Kila wiki unapewa badiliko moja la bure, ukitaka la ziada unakatwa pointi 4. Hiyo minus nne ndo akili yote ya gemu ile. Haikukatazi kubadilisha mawazo, inakulazimisha useme kama badiliko lako lina thamani ya pointi nne au ni kiherehere tu cha Ijumaa usiku baada ya kuona mtu kapiga hatitriki. Sasa njoo kwenye miradi yetu. Mteja anapiga simu katikati ya sprinti, kile kipande cha wiki mbili tatu, au bosi anatoka kwenye semina na wazo, "hebu tuongeze na hiki", na hakuna anayekatwa kitu. Badiliko ni bure kwa anayeliagiza na gharama yote inamwangukia anayelifanya, kwa ovataimu isiyolipwa na viporo vya taski vinavyorundikana. Yaani tumekopa kwenye gemu kile kinachompima kijana wa chini, na tukaacha kile ambacho kingembana mkubwa. Ingekuwa kila anayetaka badiliko nje ya mpango anachagua mwenyewe taski gani nyingine itoke au tarehe isogee siku ngapi, na hiyo ndo ikawekwa kwenye televisheni ya mapokezi kwa jina lake na picha yake, hapo ningekubali tumeingiza gemu ofisini. Sijaona mfumo wowote wa beji unaouzwa na kipengele hicho, na sababu si ngumu kuibahatisha, anayenunua mfumo ndo yuleyule ambaye angekatwa.

Huku kwenye hobi nako uvamizi unaendelea ila kimyakimya. Mtu alikuwa anakimbia asubuhi kwa raha zake, sasa bila Strava, apu ya kurekodi mbio, haamini kama amekimbia. Mwingine alianza kujifunza Kifaransa kwenye apu ya Duolingo, leo ana mfululizo wa siku 400 na ukimsalimia kwa Kifaransa anaomba radhi, anaulinda ule mfululizo usikatike, lugha ilishasahaulika. Wengine vitabu wanavipanga kwenye jedwali na tageti ya 52 kwa mwaka na Desemba wanatafuta vitabu vyembamba. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, waliwachukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora, wengine wakaahidiwa cheti kizuri cha zawadi wakichora, wengine hawakuahidiwa kitu. Baadaye walioahidiwa cheti na kukipata wakawa ndo wenye hamu ndogo ya kuchora wakiachwa huru. Sisi tuna na nyongeza yetu, ambayo nadhani ni kali kuliko apu zote, ni lile swali "sasa hiyo inakuingizia shingapi?" Ukioka keki vizuri mara mbili tu ushaambiwa ufungue biashara. Ukifuga kuku sita kwa kuwapenda, shemeji anakuja na hesabu za kuku mia tano. Namwelewa, maisha ni magumu na wengi wameponea kwenye hizo keki na kuku, siwezi kukaa hapa na mshahara wangu kuwaambia watu wasiuze. Ninachosema ni kwamba hobi ikishapewa tageti inakuwa kazi ya pili, na mtu ajue hivyo mapema, atafute kitu kingine cha kumpumzisha.

Wakati vitu vya maana vya kukopa kazini vipo. Magrupu mengi ya jogging na safari za kupanda milima hayafi kwa kukosa tageti, yanakufa kwa kukosa makabidhiano. Mratibu mmoja anajua kila kitu, namba ya mwenye basi, mlinzi wa uwanja, nani anadaiwa tangu safari ya Lushoto, halafu anahamishiwa Mwanza na grupu linabaki la kutumiana salamu za Ijumaa. Ofisi, pamoja na madhambi yake yote, inajua kuandika nani anafanya nini na akiondoka nani anashika. Na inajua kufunga hesabu: hela imeingia hii, imetoka hii, salio hili, na risiti zipo. Kikao cha nusu saa baada ya bonanza cha kuulizana nini kilikwama kingesaidia grupu kuliko beji mia. Ila hivyo vitu havina mng'ao, huwezi kuviweka kwenye skrini vikawakawaka.

Kuna jambo la mwisho ambalo pande zote hapa kwetu wamelisahau, nalo ni kwamba zile pointi zinakaa mahali. Msimamo wa baraza la bao unafutika watu wakiinuka, wa televisheni unahifadhiwa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana ya kwao ya 2019, na zote zinagusa taarifa za mtu zinazokusanywa na hata maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake kumhusu. Mfanyakazi ana haki ya kuuliza ile beji ya kobe inafika kwenye faili lake au haifiki, inaonwa na nani, na wakati wa kupunguza watu itafunguliwa au haitafunguliwa. Jibu la swali hilo ndo linaamua kama ni utani. Ikifika kwenye faili, hakuna kucheza tena hapo, na anayekata taski moja kuwa nne hafanyi udanganyifu wa gemu, analinda ugali wa watoto wake kwa njia iliyoachwa wazi.

Haya yote niliyasema kwenye kikao cha Jumatatu iliyopita, kwa ufupi zaidi na kwa heshima zaidi. Nikapendekeza kitu kidogo tu cha kuanzia, kwamba kila mtu aulizwe kama anataka jina lake lionekane pale, na anayekataa asiulizwe sababu. Meneja akaangalia ile skrini, akaniangalia mimi, akauliza, "Sasa wakikataa wote?"